Mkanda wa Kwanza: Asili ya Kamera Ndogo na Desturi ya Kuijaribu

Wapiga picha wa mkanda wana desturi moja ambayo haikuandikwa katika sheria yoyote, lakini huheshimiwa na kila aijuaye kazi yake: kamera kuukuu iingiapo mikononi mwa mwenyewe mpya, ama kwa kununuliwa mnadani, ama kwa kurithiwa, ama kwa kutolewa katika kasha ilimolala tangu enzi za babu, haipelekwi harusini wala safarini kabla ya kutiwa mkanda mmoja wa kuijaribu. Mkanda huo hupigwa taratibu, kila picha ikiandikwa daftarini, kisha husafishwa na kukaguliwa dirishani kipande kwa kipande, ili ukweli wa chombo udhihirike. Wako wauhesabuo kuwa ni hasara tupu, kwa hoja kwamba mikanda siku hizi ni ghali, na kwamba kuta na magazeti yanayopigwa ndani yake hayana mtu wa kuyatazama. Nia ya makala haya ni kubainisha kwamba hoja hiyo imeisahau historia. Maana kamera ndogo ya mkanda wa milimita 35, ambayo iliwatumikia watu wa magazeti, wa studio na wa nyumbani kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, ilizaliwa katika jaribio, ikalelewa kwa majaribio, na haikufika dukani mpaka ilipokwisha kujaribiwa kwa muda wa miaka zaidi ya kumi.

Ili kulifahamu jambo hili hatuna budi kurejea mwanzoni mwa karne hiyo, wakati kupiga picha kulipokuwa ni kazi ya kubeba mizigo. Kamera ya mpiga picha wa makini ilikuwa sanduku la mbao lililosimamishwa juu ya miguu mitatu, na picha ilipokelewa na kioo kilichopakwa dawa, kioo kimoja kwa picha moja, hata aliyetaka kurejea na picha kumi na mbili ilimlazimu kuvichukua vioo kumi na viwili pamoja na visanduku vyake. Ni kweli kwamba George Eastman wa Marekani alikuwa ameanza, mwaka 1888, kuuza kamera ya Kodak iliyotiwa mkanda wa picha 100, ambayo mnunuzi aliirudisha kiwandani Rochester ili picha zisafishwe na mkanda mwingine utiwe. Lakini mafundi wa studio waliendelea kukiamini kioo. Wakati huohuo, katika maabara ya Thomas Edison, William Dickson alikuwa ameukata mkanda kwa upana wa milimita 35 na kuutoboa matundu pande zote mbili, manne kwa kila picha, kwa ajili ya sinema. Picha moja ya mkanda huo ilikuwa na milimita 18 kwa 24 tu, na ni wachache waliodhani kwamba kipande kidogo kiasi hicho kingeweza kuzaa picha ya kutundikwa ukutani.

Miongoni mwa wachache hao alikuwemo fundi wa Kijerumani, Oskar Barnack, aliyezaliwa mwaka 1879 katika kijiji cha Lynow, jimbo la Brandenburg. Barnack alifanya kazi katika kiwanda cha Carl Zeiss mjini Jena, na siku za mapumziko alipenda kutembea katika misitu ya Thuringia akiwa na kamera ya vioo vya sentimita 13 kwa 18. Lakini alikuwa na maradhi ya pumu, na uzito wa mzigo ule ulimnyima pumzi na furaha pamoja. Hapo ndipo alipoanza kutafakari juu ya negativu ndogo itakayotoa picha kubwa. Alijaribu kwanza kukigawa kioo kimoja kwa picha nyingi ndogondogo, akaona kwamba chembe za dawa ya kioo zilikuwa nene mno, hata picha zilipokuzwa zilipoteza uso wake. Jaribio lile halikumpa picha aliyoitaka, ila lilimwachia maarifa kwamba udogo wa kamera hautafaa kitu maadamu dawa haijawa laini. Mwaka 1911 alihamia Wetzlar, mji mdogo ulio kando ya mto Lahn, akaajiriwa na kampuni ya Ernst Leitz, ambayo sifa yake ilikuwa katika hadubini, akakabidhiwa kazi za majaribio.

Huko Wetzlar Barnack alijishughulisha pia na sinema, na sinema ilimkabili na taabu ambayo kila mpiga picha wa zama zile aliijua. Kamera ya sinema ilizungushwa kwa mkono, takriban picha 16 kwa kila sekunde, na kwa kuwa mwendo wake haukubadilika sana, muda wa nuru kuingia ulikuwa karibu uleule daima. Kilichobaki katika uwezo wa mpigaji kilikuwa ni tundu la lenzi, alipanue au alibane. Lakini alipanue kwa kiasi gani? Vipimo vya nuru vya kutegemewa havikuwapo, mikanda ilikuwa mizito ya kupokea nuru, na wepesi wake ulihitilafiana baina ya mkanda na mkanda, hata ule uliotoka katika kiwanda kimoja. Aliyekosea hakupoteza picha moja, alipoteza mkanda mzima wa makumi ya mita, na tendo lililopigwa, liwe ni msafara au sherehe, halikurudiwa kwa ajili yake.

Inasimuliwa basi, na simulizi hii imeshika mizizi katika historia ya kazi hii, kwamba Barnack alikusudia kifaa kidogo cha kupimia: kisanduku cha kutiwa kipande kifupi cha mkanda uleule wa sinema, chenye kufunguka kwa muda uleule wa kamera kubwa, ili mpigaji apige picha chache, azisafishe papo hapo, aone ni tundu lipi la lenzi lililotoa negativu njema, ndipo aianze kazi yenyewe kwa moyo uliotulia. Ikiwa asili ya kamera ndogo ni pumu ya msituni au ni mahitaji ya sinema, au ni yote mawili kwa pamoja kama ionekanavyo, njia zote mbili zilipitia mlango mmoja, nao ni wa mtu aliyekataa kukisia jambo linaloweza kupimwa.

Chombo alichokikamilisha, ambacho watu wa baadaye walikiita Ur-Leica, kilikuwa tayari mnamo mwanzo wa mwaka 1914. Kilikuwa cha chuma, chembamba, cha kuingia mfukoni, na ndani yake mkanda ulipita ukiwa umelala upande, hivyo Barnack akapata nafasi ya kuziunganisha picha mbili za sinema kuwa moja, yaani milimita 24 kwa 36, kipimo ambacho hata kamera za leo zisizo na mkanda zingali zikikifuata. Jambo la hekima zaidi ni kwamba kifundo kilichouvuta mkanda ndicho kilichoitega shata pia, hata ikawa haiwezekani kupiga picha mbili juu ya kipande kimoja kwa kusahau. Hata hivyo, kilikuwa na upungufu wake: wakati wa kuuvuta mkanda shata haikuzuia nuru, na ilimbidi mwenyewe aufunike uso wa lenzi kwa kifuniko kila mara, la sivyo mkanda ungeungua.

Majaribio ya chombo hicho hayakufanywa ndani ya karakana peke yake. Barnack alikwenda nacho mitaani Wetzlar, akapiga nyumba za kale za soko la Eisenmarkt, na mwezi wa Agosti 1914, vita vilipotangazwa, akampiga askari aliyekuwa amemaliza kubandika tangazo la kuyakusanya majeshi. Mwaka huohuo Ernst Leitz wa pili, mtoto wa mwenye kampuni, alisafiri nacho kimoja hadi New York akapiga picha za jiji lile. Vita vikauzuia mpango wote, lakini Barnack hakuacha, na mwaka 1920 mto Lahn ulipofurika na maji kuingia mitaani, alikuwapo na kisanduku chake. Mtu aliyetoka nyumbani kwa nia ya kukipima kifaa alirejea na shahada ya siku ambazo mji wake hautazisahau. Na picha hizo leo zinahesabiwa katika hazina za kwanza za upigaji picha wa kamera ndogo.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja mwaka 1923, ambapo kampuni ilitengeneza takriban kamera 25 za majaribio na kuwagawia watu wenye ujuzi ili wazitumie na kutoa rai zao. Rai hazikuafikiana. Wapo walioziona kuwa ni mchezo wa watoto, na wapo walioona ndani yake mlango mpya. Ujerumani wakati ule ilikuwa katika dhiki kuu, fedha yake ilikuwa imeanguka thamani kiasi cha kutisha, na kazi za kuwapa mafundi zilikuwa haba. Mwezi wa Juni 1924, baada ya majadiliano marefu baina ya wakuu wa kampuni, Ernst Leitz wa pili, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mwenye amri, alikata shauri kwamba hatari hiyo itakabiliwa na kamera itaundwa. Ikaonyeshwa katika maonyesho ya biashara ya Leipzig ya mwaka 1925, kwa jina la Leica, ikiwa na lenzi iliyobuniwa na Max Berek, na shata iliyofika hadi sehemu moja ya 500 ya sekunde, ambayo sasa ilijifunika yenyewe wakati wa kuuvuta mkanda. Barnack aliishi hadi mwaka 1936, akaiona kazi yake ikienea ulimwenguni.

Ama mnunuzi wa kamera ile ya kwanza, naye hakuepuka kuwa mjaribu. Mkanda aliununua kwa mita, akaukata gizani kwa kupapasa, akauchonga ulimi wake kwa mkasi ili upate kuingia vyema, akautia katika kikopo cha shaba. Na kipande kilichochongwa vibaya kiliweza kukatika ndani na kuikwamisha shata. Ni mwaka 1934 tu ndipo Kodak ilipotoa, pamoja na kamera ya Retina iliyoundwa Stuttgart, kikopo kilichokwisha kutiwa mkanda, ambacho mtu aliweza kukiweka mchana; na kikopo hicho ndicho tunachokitumia hadi leo. Kuhusu wepesi wa mikanda, Ferdinand Hurter na Vero Driffield walikuwa wamechapisha tangu mwaka 1890, huko Uingereza, njia ya kuupima kwa hesabu, lakini kila nchi na kila kiwanda kilikuwa na mizani yake, na Wajerumani waliiweka mizani yao ya DIN mwaka huohuo wa 1934. Kabla ya hapo, namba iliyoandikwa juu ya boksi ilikuwa ni dai la muuzaji, na mpiga picha mwenye busara alilithibitisha kwa mkanda wake mwenyewe.

Hatari ya kutothibitisha ilikuwa kubwa zaidi katika nchi za joto. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, ambaye baadaye alikuja kuwa miongoni mwa wapiga picha mashuhuri wa karne, alikwenda Côte d'Ivoire mnamo mwaka 1931 akiwa kijana, akakaa huko akiwinda na kupiga picha kwa kamera ndogo ya mkononi, mpaka homa kali ilipomrudisha kwao; na katika picha zote za safari ile, ni saba tu zilizosalimika na hali ya hewa. Aliporejea aliiona picha ya Martin Munkácsi, inayofahamika kwa jina la wavulana watatu wa Ziwa Tanganyika, wakikimbilia mawimbini, na picha hiyo kwa kauli yake mwenyewe ndiyo iliyomtia hima ya kuishika kazi hii kwa dhati. Mwaka 1932 akanunua Leica mjini Marseille, na yaliyofuata yanajulikana.

Katika pwani yetu mafundi waliyajua mambo hayo kwa vitendo. Unguja ilikuwa na studio za Wagoa, akina A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, tangu zama za vioo katika karne ya 19. Na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe, ambayo masultani na raia wa kawaida walipita mbele ya lenzi zake. Mombasa ikawa na studio ya Parekh, na Lamu ikawa na ya Bakor. Chumba cha giza cha pwani si sawa na cha Ulaya: dawa za kusafishia zilipangiwa maji ya nyuzi 20 za Selsiasi, ilhali maji ya bomba huku hufikia 28 na kupita, na katika joto hilo jelatini iliyobeba picha hulainika, huvimba, na huweza kubanduka. Ndiyo maana walitumia barafu, au walitia chumvi ya salfeti ya sodiamu katika dawa ili kuzuia uvimbe, au waliikaza jelatini kwa shabu ya kromiamu. Unyevu nao uliotesha kuvu ndani ya lenzi. Fundi aliyefanya kazi katika mazingira hayo alijua kwamba kila chombo kina tabia yake mahali pake, na kwamba maandishi ya kiwandani ni mwanzo tu wa maarifa. Na katika miji ya pwani hiyohiyo kamera kuukuu ilipata hadhi yake: Mohamed Amin, ambaye picha zake za habari zilikuja kuizunguka dunia, alianza utotoni Dar es Salaam na Box Brownie iliyokwisha kutumiwa na wengine, kabla ya kuanzisha Camerapix katika mji huohuo mwaka 1963.

Sasa natuitazame desturi yenyewe, jinsi inavyotekelezwa na walioirithi. Kwanza kamera hujaribiwa ikiwa tupu. Zile zenye mlango wa nyuma hufunguliwa, na mwenyewe huichungulia shata akielekea penye mwanga, akiisikiliza katika mwendo wa sekunde moja, nusu, na robo. Kwa maana grisi ya miaka hamsini huganda, na shata iliyoganda hukokota au hugoma katikati ya njia. Pazia la shata la kitambaa hukaguliwa mbele ya taa gizani, kwani wengi waliiacha lenzi wazi ikielekea jua, na jua likalitoboa pazia kwa moto wake. Kamera za Kijapani za miaka ya 1960 hadi 1980 zina sponji nyembamba kando ya mlango, ambayo kwa uzee huoza ikawa ulimbo mweusi, na nuru hupita pale ilipooza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa kamera, uwe mwembamba kiasi gani, hauachi picha hata moja ikiwa na amani.

Ndipo mkanda hutiwa. Mwenye kujua huangalia kifundo cha kurudishia mkanda wakati anapovuta, kwa kuwa kikizunguka chenyewe, hiyo ni dalili kwamba mkanda umeshika na unakwenda. Kisipozunguka, picha 36 zote atakazopiga zitakuwa ni picha za hewa. Kipimo cha nuru cha kamera za zamani hakiaminiwi upesi, kwani vingi vilitengenezwa kwa betri za zebaki za volti 1.35 ambazo sasa zimepigwa marufuku; hivyo hutumiwa kanuni ya kale, kwamba katika jua kali lisilo na wingu, tundu la lenzi likiwa 16, muda uwe ni sehemu ya sekunde inayolingana na namba ya wepesi wa mkanda, yaani mkanda wa 100 kwa sehemu moja ya 100 au ya 125. Ukuta mmoja hupigwa kwa kila mwendo wa shata, tundu likipanuliwa au kubanwa kwa kadiri ileile ili nuru iwe sawa kwa picha zote. Gazeti hutandazwa mezani na kupigwa kwa upande, lenzi ikielekezwa kwenye mstari mmoja uliotiwa alama, ili ijulikane kama mstari ulio wazi zaidi ni ule uliokusudiwa. Kisha kamera huachwa kidogo juani, huku picha moja ikingoja, ili kama kuna mahali panapovuja pajifichue.

Mkanda ukisafishwa, negativu husomwa kama hati ya shahidi. Zile za ukuta zikiwa na uzito mmoja, shata ni mwaminifu. Moja ikiwa nyeusi kuliko wenziwe, mwendo ule umekuwa mzito na umeipitisha nuru kupita kiasi. Weusi wa kuungua ukitoka nje ya mpaka wa picha ukafika kwenye matundu, nuru imeingia kwa mlango au kwa pembe za kamera. Ukiishia ndani ya mpaka, mashaka ni juu ya shata au lenzi. Wala tusisahau kwamba lenzi huigeuza dunia juu chini, hivyo ufa unaoonekana juu ya picha ya mtu husakwa sehemu ya chini ya kamera. Nafasi baina ya picha na picha zikiwa hazilingani, au picha zikipandana, magurudumu ya kuvutia yamechoka. Haya yote hubainika katika mkanda mmoja, na hayabainiki kwa kuitazama kamera kabatini, hata ikiwa inang'aa kiasi gani.

Maduka ya kusafishia yaliyokuwa katika kila mtaa wa miji yetu yamepungua sana, na mwaka 2012 kampuni ya Kodak yenyewe iliomba hifadhi ya mahakama kwa sababu ya kufilisika. Lakini mikanda bado inatengenezwa, na vijana wanaendelea kuzitoa kamera za babu zao makashani. Nasaha yangu kwao ni hii. Wasiutoe mkanda wa kwanza kwa shingo upande, kana kwamba ni ushuru unaodaiwa mlangoni, wala wasiutupe baada ya kuusoma. Na wautie katika bahasha, wauandikie tarehe, jina la kamera, dawa na joto la maji, kisha wauhifadhi pamoja na daftari lake, kwa sababu kila kamera kuukuu itapita mikononi mwa mwingine, na huyo mwingine atastahiki kujua ilikuwa na afya gani. Tena wasipige ukuta peke yake. Wapige na mtaa wao, na maduka yake, na watu wapitao kwa idhini yao, kama alivyofanya fundi wa Wetzlar, maana hakuna ajuaye ni kipande kipi cha majaribio kitakachohitajiwa na wajukuu.

Juu ya yote, kuna haki ya mtu anayesimama mbele ya lenzi. Bibi harusi hafungi ndoa mara ya pili ili kumfurahisha mpiga picha aliyekosa, na mzee aliyevaa kanzu yake ya Idi akaketi kitini kwa subira huenda asiwepo Idi ijayo. Anayewakaribisha watu hao mbele ya kamera asiyoijua anacheza na amana isiyo yake. Mkanda wa kwanza ndio unaomwezesha kuipokea amana hiyo kwa dhamiri safi, na kwa sababu hiyo unastahili kuhesabiwa kuwa ni sehemu ya kazi yenyewe, tena sehemu yake ya kwanza.